Rali ya theluji: Mashindano ambayo mwenye haraka hapewi tuzo

MKENYA anaposikia neno rali, picha inayomjia akilini ni ya gari lililopakwa nembo za wafadhili likipasua vumbi la Naivasha, huku mashabiki wakishangilia kutoka vichakani. Dereva na mwelekezi wake wamevaa helmeti, ndani ya gari mmefungwa vyuma vya kuwakinga iwapo litabingirika, na thamani ya gari lenyewe yatosha kununua mashamba kadhaa.

Mtu huyo akielezwa kwamba kuna rali ambayo mwalimu na mkewe huingia kwa Toyota Corolla ile ile inayowapeleka kazini, wakiwa na penseli, saa ya mkononi na chupa ya chai, huenda akadhani anataniwa. Na akiongezewa kwamba rali hiyo huandaliwa makusudi wakati barabara zimefunikwa na theluji, bila shaka atataka kujua ni akili gani hizo.

Mashindano hayo yapo na yana historia ndefu. Kila msimu wa baridi, hasa kati ya Desemba na Machi, klabu za magari katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, nchini Kanada, Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya huandaa rali za burudani ambazo mtu yeyote mwenye leseni ya udereva na gari lililo katika hali nzuri anaweza kujiandikisha. Baadhi huchukua saa chache za Jumamosi alasiri. Nyingine, kama vile Thunderbird inayofanyika mkoani British Columbia, Kanada, mwezi Februari, huchukua wikendi nzima milimani.

Katika rali ya muda, jina linaloifaa zaidi kwa Kiswahili, waandalizi huchagua njia katika barabara zinazotumiwa na umma na kuipima kwa makini. Kisha huamua kasi ya wastani ambayo kila gari linapaswa kudumisha katika kila sehemu ya njia hiyo, na kasi hiyo haizidi kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Magari huondoka moja baada ya jingine, aghalabu kwa tofauti ya dakika moja. Njiani mna vituo vya kupimia muda ambavyo washiriki hawajui vimewekwa wapi. Gari linapopita hapo, muda wake hurekodiwa hadi sekunde.

Kwa kawaida kila sekunde moja ya kuchelewa huwa pointi moja ya adhabu. Kila sekunde ya kutangulia nayo huwa pointi moja ya adhabu. Mwenye pointi chache zaidi mwishoni ndiye mshindi.

Kanuni hiyo ya kuadhibu kutangulia sawasawa na kuchelewa ndiyo inayobadilisha sura nzima ya mashindano. Injini kubwa haina faida, kwa sababu anayekimbia kupita kiasi anajilimbikizia adhabu. Gari la bei ghali halina faida. Hata umri si kikwazo, na si ajabu mstaafu wa miaka 70 na mjukuu wake kuwashinda vijana wawili waliokuja na gari la michezo. Kinachotakiwa ni utulivu, hesabu rahisi na watu wawili ndani ya gari wanaoweza kusikilizana kwa saa nyingi bila kununiana. Sharti hilo la mwisho ni gumu kuliko yote.

Waandalizi wengi huwagawa washiriki kwa makundi. Kuna kundi la wale wanaotumia kompyuta maalumu iliyounganishwa na magurudumu, ambayo huwaonyesha kila sekunde kama wametangulia au wamechelewa. Kuna pia kundi la magari yasiyoongezwa kifaa chochote, pamoja na kundi la wanagenzi. Mwenye gari la kila siku hushindana na wenzake walio katika hali kama yake, na hana sababu ya kumtazama mwenye kompyuta kwa kijicho.

CHIMBUKO LAKE MONACO

Wazo la kushindana barabarani wakati wa baridi kwa magari ya watu wa kawaida lilianza mapema sana. Mnamo Januari 1911, kwa hisani ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, magari 23 yaliondoka miji mbalimbali ya Ulaya kuelekea Monte Carlo. Lengo halikuwa michezo pekee, kwani Monaco ilihitaji wageni wenye pesa wakati wa baridi na ikaamua kuwavuta kwa magari. Mshindi alikuwa Mfaransa Henri Rougier aliyetoka Paris kwa gari aina ya Turcat-Méry. Waamuzi hawakutazama mwendo tu, bali pia umaridadi wa gari na starehe ya abiria wake. Matokeo hayo yaliwaudhi baadhi ya washindani, na mtu anaweza kuwaelewa.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, Monte Carlo ilibaki rali ambayo daktari au mfanyabiashara angeweza kuingia kwa gari lake mwenyewe. Mnamo 1953 mshindi alikuwa Mholanzi Maurice Gatsonides, aliyeendesha Ford Zephyr, gari la familia lililouzwa madukani. Gatsonides alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Alibuni kifaa cha kupimia kasi yake mwenyewe kwenye kona ili ajue anapoteza muda wapi, na kifaa hicho ndicho kilichozaa kamera za barabarani zinazowanasa madereva wanaokimbia kupita kiasi. Kampuni yake ya Gatsometer iliundwa mwaka 1958, na hadi leo madereva wa Uingereza huziita kamera hizo kwa ufupisho wa jina lake. Madereva wengi walionaswa nazo pengine hawajui kwamba mwasisi wake alikuwa bingwa wa rali.

Ushindi uliothibitisha thamani ya gari dogo ulikuja mwaka 1964, Paddy Hopkirk wa Ireland Kaskazini alipoyapiku magari makubwa kwa Mini Cooper S. Mwaka uliofuata Timo Mäkinen wa Finland alirudia ushindi huo kwa Mini katika tufani ya theluji iliyoacha historia. Kati ya magari 237 yaliyoanza, 35 pekee ndiyo yaliyomaliza. Uzito mdogo na magurudumu ya mbele yanayovuta viliisaidia Mini kupanda milima ambako magari yenye nguvu nyingi yalikuwa yakiserereka.

Baadaye Monte Carlo iligeuka kuwa uwanja wa viwanda vikubwa, na gari la kawaida likakosa nafasi. Roho ya zamani haikufa, hata hivyo. Tangu mwaka 1998 kumekuwa na rali ya magari ya kale inayopita milima ile ile wakati wa baridi, na ushindi wake huamuliwa kwa usahihi wa muda.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuitambua historia hiyo. Coronation Safari ya mwaka 1953, iliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa rali ya magari kama yalivyotoka dukani, yakigawanywa kwa makundi kulingana na bei. Vic Preston alishinda mwaka 1954 kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Tope la Pasaka la wakati ule na theluji ya Kanada ni ndugu wa karibu, kwani vyote viwili humfunza dereva kwamba gurudumu lisiloshika barabara halina habari na ukubwa wa injini.

TAIRI KWANZA

Anayetaka kuingia rali ya theluji kwa gari lake la kila siku hana haja ya kulibadilisha, isipokuwa jambo moja. Matairi lazima yawe ya msimu wa baridi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu kiwango cha joto kinaposhuka chini ya nyuzi 7 za selsiasi, na tairi gumu huteleza. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki mwororo hata kwenye baridi kali, na huchanjwa mifereji midogo mingi inayouma theluji. Hutambulika kwa mchoro ubavuni wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Mahali pengi jambo hilo ni la kisheria. Huko British Columbia, barabara nyingi za milimani huhitaji matairi ya baridi kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Jimboni Quebec muda huo ni Desemba 1 hadi Machi 15. Matairi yenye misumari midogo ya chuma hushika barafu vizuri zaidi, lakini baadhi ya maeneo hayaruhusu misumari hiyo kwa kuwa huharibu lami, hivyo sharti kanuni za mahali husika zisomwe kabla ya kununua.

Kwa nini tairi litangulie kila kitu? Hesabu ya fizikia inatosha kujibu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 12 kusimama tangu breki inapokanyagwa. Kwenye theluji iliyoshindiliwa huhitaji kama mita 40. Kwenye barafu tupu umbali huo unaweza kukaribia mita 100, yaani urefu wa uwanja wa kandanda.

Kwa sababu hiyo, wenye magari ambayo injini huzungusha magurudumu yote manne wanapaswa kuwa waangalifu hasa. Magari hayo huondoka kwa urahisi na kupanda mlima bila shida, jambo linalompa dereva ujasiri. Lakini kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na wakati wa kusimama Subaru haina ubora wowote juu ya Corolla iliyovalishwa matairi yale yale. Wanaoburutwa kutoka mitaroni kila msimu si wenye magari madogo pekee.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni wa baridi. Barafu iliyo karibu na nyuzi sufuri, inayoanza kuyeyuka, huteleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Asubuhi yenye baridi ya kuuma inaweza kuwa na barabara nzuri kuliko alasiri yenye jua la kupendeza. Vilevile daraja huganda kabla ya barabara iliyo mbele na nyuma yake, kwa kuwa upepo baridi hulipiga juu na chini.

Mengine yanayohusu gari ni ya kawaida na hayahitaji fundi bingwa. Betri hupoteza takriban nusu ya nguvu zake baridi inapofika nyuzi 18 chini ya sufuri, kwa hivyo betri iliyochoka ibadilishwe mapema. Upepo wa matairi nao hupungua kadiri baridi inavyozidi, kwa hivyo upimwe asubuhi ya rali na si wiki iliyotangulia. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yawe ya aina isiyoganda. Tangi la mafuta lisiachwe lishuke chini ya nusu. Taa za kisasa za LED, kwa kuwa hazitoi joto la kutosha mbele, hazina uwezo wa kuyeyusha theluji inayozifunika, na mwenye nazo hana budi kusimama mara kwa mara kuzipangusa. Hapo gari la zamani lenye balbu za kawaida limeshinda la kisasa.

Nyuma ya gari huwekwa sepetu, kamba imara ya kuvutia, mfuko wa mchanga, tochi, blanketi, chakula na maji. Mavazi ya baridi hayafai kuachwa nyumbani kwa kisingizio kwamba gari lina hita. Hita hufanya kazi injini ikiwa hai tu.

KILOMITA SI KILOMITA

Jambo ambalo wanagenzi hulipuuza, na ambalo huwagharimu pointi nyingi kuliko theluji yenyewe, ni kwamba mita ya umbali katika gari lao haikubaliani na ile iliyotumiwa kupima njia. Mita hutegemea mizunguko ya gurudumu. Tairi likiwa jipya, limechakaa au lina upepo pungufu, umbali unaosomeka hubadilika.

Waandalizi hulijua hilo, na ndiyo maana sehemu ya kwanza ya njia huwa ya kusawazisha mita. Tuseme kitabu cha njia kinasema kwamba kutoka mwanzo hadi kwenye bango fulani ni kilomita 16.00, na mita ya gari inaonyesha 16.40. Gari hilo basi huzidisha kwa asilimia 2.5. Kila umbali ulioandikwa kitabuni sharti uzidishwe kwa 1.025 ili kujua mita itasoma nini. Kilomita 8 za kitabu zitasomeka 8.2.

Asiyefanya hesabu hiyo hujiponza. Akiagizwa kwenda kwa wastani wa kilomita 48 kwa saa, atakuwa akidhani amefika kilomita ya 12 baada ya dakika 15 kamili, kumbe yu nyuma kwa karibu mita 300. Kwa kasi hiyo, mita 300 ni sekunde 22. Ni pointi 22 katika kituo kimoja, na vituo ni vingi.

Hesabu ya muda nayo ni nyepesi kwa mwenye mazoea. Kasi ya wastani hugawanywa kwa 60 kupata kilomita kwa dakika. Kilomita 48 kwa saa ni 0.8 kwa dakika, kwa hivyo kilomita 12 ni dakika 15. Kasi ikibadilishwa kuwa 54, ambayo ni 0.9 kwa dakika, kilomita 6.3 zinazofuata ni dakika 7. Waelekezi wengi huandika jedwali dogo usiku uliotangulia: katika kilomita hii, saa inapaswa kusoma hivi. Jedwali la penseli halizimiki kwa sababu ya baridi, ilhali simu huzimika.

Kitabu cha njia chenyewe huwa na safu za umbali, maelezo mafupi na michoro midogo ya makutano. Katika kila mchoro, kitone huonyesha gari linatoka wapi na mshale huonyesha linakwenda wapi. Waingereza na Wamarekani huita michoro hiyo tulipu, kutokana na rali ya Tulpenrallye ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1949. Mtu akiizoea, anaweza kusafiri siku nzima katika nchi asiyoijua bila ramani.

Siku hizi waandalizi wengi hutumia programu za simu zinazorekodi muda kupitia setilaiti, hivi kwamba kituo hakina mtu wala bendera. Faida yake ni kwamba hakuna mfanyakazi wa kujitolea anayelazimika kukaa kwenye baridi kwa saa nne. Hasara ni kwamba hakuna pia anayeshuhudia gari likikosa kufika.

NDANI YA GARI

Mwelekezi husoma kitabu, hutunza saa na kutangaza hali. Dereva huendesha. Mgawanyo huo unaonekana wazi kwenye karatasi, lakini barabarani kila mmoja hutamani kazi ya mwenzake. Dereva hutaka kuchungulia kitabu, naye mwelekezi hukanyaga breki ambayo haipo upande wake. Wazoefu hukubaliana mapema juu ya maneno machache ya kutumia, kama vile "tumechelewa tano" au "tumetangulia tatu", bila kuongeza lawama. Mwelekezi asome agizo linalofuata kabla halijahitajika, na dereva alirudie kwa sauti. Wakipotea, wasimame mahali salama kwanza ndipo waulizane.

Hapo ndipo hatari halisi ya mashindano haya ilipo. Kiwango cha kasi kilichowekwa na waandalizi ni cha chini, lakini gari lililopotea njia kwa dakika 3 lina kishawishi kikubwa cha kuzirejesha dakika hizo. Mtu aliyekuwa akiendesha kwa adabu saa nzima huanza kukimbia kwenye barabara nyembamba ya msituni, jua limezama, na kona iliyo mbele ina barafu.

Rali zilizopangwa vizuri zimeondoa kishawishi hicho kwa kanuni. Mshiriki aliyecheleweshwa, iwe kwa kupotea, kukwama au kumsaidia mwenzake, huruhusiwa kutangaza kiasi cha muda aliopoteza na kuendelea kwa kasi ile ile kana kwamba aliondoka baadaye. Hapati adhabu, au hupata ndogo. Mwanagenzi anapojiandikisha anapaswa kuulizia kanuni hiyo kabla ya kuuliza juu ya zawadi. Rali isiyo nayo, tena kwenye theluji, ni afadhali kuiacha.

Uendeshaji wenyewe kwenye theluji hauna siri, una subira tu. Breki hukanyagwa mapema, gari likiwa bado limenyooka, si katikati ya kona. Usukani huzungushwa taratibu. Mteremko hushukwa kwa gia ya chini. Breki za kisasa zinapotetemeka mguuni, dereva asiuondoe mguu, kwa maana mtetemo huo ni dalili kwamba zinafanya kazi. Gari likianza kuserereka, macho yaelekezwe kule dereva anakotaka kwenda na si kwenye mti anaouogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Theluji inapoanguka usiku, taa kamili hurudisha mwanga usoni kama ukuta mweupe, na taa za chini huonyesha mbali zaidi.

Barabara za misituni huko British Columbia zina jambo jingine. Hutumiwa na malori ya magogo, ambayo madereva wake hutangaza kwa redio kilomita waliyofikia ili wanaokuja upande wa pili wajipange. Gari dogo lisilo na redio halisikii tangazo hilo. Kwa sababu hiyo, waandalizi huchagua siku na njia kwa uangalifu, na mshiriki hapaswi kuacha njia iliyopangwa kwa kutafuta mkato.

Gari likiingia mtaroni, mara nyingi theluji hulipokea taratibu na hakuna anayeumia. Walio ndani huonyesha ishara kwamba wako salama, gari linalofuata husimama kuhakikisha, na gari la waandalizi linalofunga msafara huja kuwavuta. Wakisubiri na injini ikiwa hai, bomba la moshi sharti lifukuliwe kwanza. Likizibwa na theluji, hewa ya sumu hurudi ndani ya gari nayo haina harufu. Wajuzi hushauri injini iwashwe dakika 10 hivi kwa kila saa, dirisha likiachwa wazi kidogo.

Bima nayo ichunguzwe mapema. Mikataba mingi ya bima haimlindi mwenye gari anaposhiriki mashindano ya kasi. Rali ya muda si mashindano ya kasi, na baadhi ya kampuni hulikubali hilo, lakini nyingine hazitofautishi. Nchini Uingereza, kwa mfano, rali za barabarani zina kanuni za serikali tangu mwaka 1969, na wastani wa kasi hauruhusiwi kuzidi maili 30 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48. Nyaraka za waandalizi zikionyeshwa kwa kampuni ya bima kabla ya siku yenyewe, jibu litapatikana kwa maandishi.

Pamoja na tahadhari hizo zote, rali hizi ni za kuchekesha kuliko za kutisha. Wapo wanaokuja wamevaa kofia za manyoya zenye masikio, wapo wanaolipamba gari kama zawadi ya Krismasi, na katika rali nyingi watoto huruhusiwa kukaa kiti cha nyuma wakiwatafutia wazazi mabango. Nchini Uholanzi kuna Carbage Run, ambayo toleo lake la msimu wa baridi hupeleka magari makuukuu ya bei ya chini hadi Skandinavia, na huko sifa huenda kwa gari la ajabu zaidi. Katika klabu nyingine gari la mwisho nalo hupewa tuzo, ambayo wakati mwingine hushangiliwa kuliko ya kwanza. Zipo pia rali ndefu za watu waliobobea, kama Alcan 5000 iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo matoleo yake ya msimu wa baridi hutoka eneo la Seattle hadi Alaska. Hizo si za kuanzia.

Kwa Wakenya wanaoishi Minnesota, Alberta au Ontario, ambao wengi walijifunza udereva kwenye lami ya Nakuru au tope la Kisii, mashindano haya yana maana zaidi ya mchezo. Wengi huanza kuijua theluji asubuhi wanapochelewa kazini, wakiwa peke yao, katikati ya msongamano wa magari. Rali ndogo ya klabu, aghalabu ikitanguliwa na mafunzo ya wanagenzi, huwapa fursa ya kukutana nayo kwa mwendo wa pole, mbele na nyuma yao wakiwa na watu wanaojua walipo. Mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, na mwelekezi wake Mwangi Kioni walishiriki Rally Sweden huko Umeå katika mashindano ya dunia ya chipukizi. Wao walikwenda na gari la mashindano na kikosi cha mafundi. Mtu mwenye Corolla anaweza kukutana na theluji kama ile kwa ada ya kujiandikisha na tangi moja au mawili ya mafuta.

Anayefikiria kujaribu aanze na rali fupi ya mchana iliyo karibu na nyumbani. Afike mapema, aisawazishe saa yake na saa rasmi ya mashindano, asikilize mkutano wa madereva hadi mwisho, na asione haya kuuliza swali analodhani ni la kijinga. Matokeo ya mara ya kwanza huwa mabaya kwa karibu kila mtu. Kesho yake gari lipelekwe likaoshwe, hasa upande wa chini, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma, na Jumatatu gari hilo hilo lina kazi ya kwenda.